Nguzo ya Saba ya Kivulini

Mtu akikwambia Consolatha Ndizeye ni mkaidi, usimbishie. Mwombe tu akutajie siku aliyomkuta amekosea. Wengi watakuna kichwa. Lakini iko siku moja, na aliyeitangaza ni yeye mwenyewe, mbele ya watu, tindo mkono huu na nyundo mkono ule.

Ni fundi cherehani wa pale Biharamulo mjini, mama aliyevuka hamsini, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Watu humwita Mama Fideli, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameshona chini ya nguzo ya saba ya Kivulini, na ukitaka kumjua yeye ni lazima kwanza uijue Kivulini.

Ni safu mbili za maduka zinazotazamana, na katikati yake ipo njia pana ya kupishana mikokoteni miwili. Njia hiyo imeezekwa. Paa lake limeinuliwa juu kuliko mapaa ya maduka, na pembeni yameachwa matundu, hivyo hewa ya moto inapanda inatoka, na mvua ikinyesha unasikia mabati yakipigwa huku kichwa chako kikiwa kikavu. Paa hilo linabebwa na nguzo kumi na mbili za matofali ya kuchoma, sita kila upande, zilizounganishwa kwa matao. Aliyejenga alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeitwa Walji. Mwaka wake ameuandika juu ya tao la mbele, 1938, ili asije mtu akajisifu kwamba ni yeye. Matofali yalichomwa Nyamigogo, chokaa ikashushwa bandarini Nyamirembe na kupandishwa kwa vichwa vya watu. Walji aliondoka zamani, hata kaburi lake haliko hapa. Kivuli chake kilibaki.

Chini ya kila nguzo hukaa mtu na kazi yake, na hapo kuna desturi. Mgeni akipewa nguzo, hafungui kazi kabla hajaivisha. Kuivisha maana yake ni kuipaka chokaa kwa mkono wake mwenyewe, chokaa nyepesi kama maziwa, iliyotiwa rangi aipendayo: bluu ya kufulia, au udongo mwekundu wa Bisibo. Ikianza kukauka, anachora alama yake kwa ncha ya mkasi. Kisha mwenyekiti wa Kivulini anammiminia kikombe cha kwanza cha chai, maandazi yanaliwa, na tangu siku hiyo hakuna anayekuuliza ulikotoka.

Hilo la mwisho ndilo lililomshika Consolatha. Alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka ule wa sabini na mbili watu walipokimbia kutoka Burundi, akakulia Ntobeye, kule Ngara. Kote alikopita, shuleni, kisimani, hata kanisani, swali lilikuwa lile lile: kwenu ni wapi? Alipofika Kivulini akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, fundi mmoja Msukuma aliyeitwa Mzee Maduhu alimfundisha kukata suruali. Macho yalipomchoka, Maduhu akamwachia nguzo yake ya saba. Consolatha akaivisha, akanywa chai, swali likaisha. Kuna watu wamepewa uraia kwa karatasi. Yeye anaamini wake aliupata kwa brashi ya katani.

Sasa tuje kwenye kosa.

Mwaka tisini na tano Ngara ilijaa wakimbizi na mashirika yao. Consolatha akapata kazi ya kushona sare za watoto wa shule za kambini, mamia kwa mamia. Kazi ilipokwisha alitaka kuishukuru nguzo yake. Chokaa aliiona ni mambo ya kimaskini. Kila jengo jipya lililokuwa likiota wakati ule lilikuwa la saruji, la kijivu, gumu, la kisasa. Akanunua mifuko mitatu, akaita fundi, nguzo ikapigwa lipu nene kuanzia chini hadi kwenye tao, ikapigwa niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, ikang'aa. Watu walikuja kuishangaa.

Mzee Maduhu, ambaye bado alikuwa akija kukaa tu na kupiga soga, aliipapasa kwa kiganja.

"Umeivika koti la baridi, ng'wanone," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Na hapa hakuna baridi."

Consolatha alicheka. Moyoni alisema, mzee ana wivu. Maduhu alifariki mwaka uliofuata, na maneno yake yakabaki yananing'inia bila mtu wa kuyachukua.

Na wewe unajua watu wetu. Mmoja akivaa viatu vyekundu Krismasi, Pasaka mtaa mzima ni mwekundu. Ndani ya miaka michache chokaa ikawa aibu pale Kivulini. Kila aliyepata nguzo aliivisha saruji, na nyufa zilipotokea aliongeza saruji juu ya saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, basi wao wakaziba, wakaziba, wakaziba. Mwisho wa maringo yote ulikuwa nguzo ya kwanza, ya Wiston muuza simu, mwenyekiti wa sasa, aliyeirithi kwa baba yake. Huyo aliivisha vigae vya bafuni.

Consolatha alikuwa na dalili moja asiyoisema. Kila alipoegemea nguzo yake kupumzika, aliinuka na gauni limelowa mgongoni. Hata kiangazi. Alisingizia jasho, na umri ulipofika akasingizia umri.

Masika ya mwaka jana bonge la lipu lilimeguka kutoka nguzo ya nne, likavunja meza vipande viwili. Bahati, mwenye meza alikuwa amekwenda kunywa uji. Kesho yake akaja mhandisi wa majengo wa halmashauri, kijana mtulivu aliyeitwa Elick. Aligonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaandika. Nyufa zilikuwa zimepanda kuanzia magotini hadi mabegani mwa nguzo zote. Alipomaliza alichukua rangi nyekundu akachora alama ya X kwenye nguzo zote kumi na mbili. Ndani ya siku thelathini watu wawe wametoka, jengo lishushwe.

Sitamlaumu Elick. Ningekuwa mimi, na paa la mabati na mbao juu ya vichwa vya watu, ningechora X kubwa zaidi.

Wiston aliitisha kikao, akasimama na uso wa mtu aliyeletewa habari njema anazojifanya kuzihuzunikia. "Ndugu zangu, kila kitu kina mwisho. Tutapewa fremu mpya kule stendi. Milango ya chuma, umeme ndani. Tunang'ang'ania gofu la Mhindi la nini?"

Baadhi waliitikia kwa vichwa. Consolatha aliinuka. "Miaka hamsini jengo hili halikuwa na ufa hata mmoja. Nyufa zimeanza lini, na zimetoka wapi? Nani anijibu?"

"Uzee, Mama Fideli," alisema Wiston. "Hata wewe unazo."

Watu walicheka, na yeye pia alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini alirudi kwenye cherehani yake na swali lake liko pale pale, halijacheka.

Jibu lilikuja likiwa limefungwa kwenye gazeti. Mteja alileta koti la suti la marehemu baba yake, alitaka lipunguzwe. Consolatha alilifumua. Nje kitambaa kilikuwa kizima, cha kupendeza. Bitana ilikuwa ya nailoni, nayo nzima. Lakini katikati, ile pamba ya kusimamisha kifua ilikuwa imeoza, ikakatika mikononi kama mkate uliolowa chai. Kila fundi anajua kisa chake: jasho limeingia, nailoni imelizuia lisitoke. Aliliweka lile koti mapajani. Kisha akapeleka mkono nyuma, akaugusa mgongo wa gauni lake.

"Mungu wangu," alisema.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Nyamigogo kwa Mzee Emilian, fundi mwashi mstaafu, mtu wa hasira ambaye baba yake alibeba matofali ya Walji kichwani. Alimkuta akifokea mbuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama umereta harusi, sina mchango."

Consolatha alimweleza yote, nyufa, unyevu, koti. Emilian alimwacha mbuzi.

"Tofari lile ra zamani linakunywa maji kutoka aridhini," alisema. "Ni tabia yake, huwezi kumkataza. Chokaa inamwacha ayapumue nje, yanakauka. Ukimpiga saruji, maji yanakosa mlango. Yanakaa ndani, yanamla miguu." Akatema mate pembeni. "Niliyaona yale makoti nikasema, haya, vaeni. Nani arianza?"

"Tulianza wote, mzee."

Emilian alimtazama. "Hakuna kitu kinachoanzwa na wote," alisema, akarudi kwa mbuzi wake.

Njia nzima ya kurudi maneno hayo yalimfuata. Lakini hakuyapa nafasi, maana alikuwa na kazi. Alikwenda ofisini kwa Elick na lile koti lililofumuliwa, akalitandaza juu ya meza yake, juu ya michoro. Kijana alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si dogo.

"Mama, inawezekana kabisa," alisema. "Lakini siwezi kuandika ripoti kwa kutumia koti. Nifungulieni nguzo moja mbele yangu, Ijumaa asubuhi. Chagueni wenyewe. Matofali ya ndani yakiwa mazima, nitaandika ukarabati. Yakiwa yameoza, tarehe ni ile ile."

Habari hiyo ilivyopokelewa kwa furaha Kivulini! Anneth, binti aliyefundishwa kazi na Consolatha na kukaa nguzo ya nane, alirukaruka. "Tufungue yangu! Niliivisha miaka mitatu tu iliyopita, na mwenzangu aliyenitangulia hakuwahi kupiga saruji. Ndani itakuwa nzima, naapa."

Kila mtu alikubali. Hata Wiston, ambaye hakutaka, aliinua mkono. Ilikuwa akili, ilikuwa rahisi, na mhandisi mwenyewe alisema chagueni.

Consolatha peke yake hakushangilia. Siku mbili zilizobaki kabla ya Ijumaa alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Aliijua nguzo iliyokuwa imevaa koti miaka mingi kuliko zote. Wakifungua ya nane, ripoti itaandikwa, X zitafutwa, na ya saba itaendelea kuoza taratibu chini ya paa, hatua nne kutoka kwenye cherehani ya Anneth. Na akifungua ya saba? Huenda ikawazika wote, na kila mtu atajua nani alianza. Hilo la pili, nisikufiche, ndilo lililomtisha zaidi. Aliogopa lile swali la kwenu ni wapi lirudi.

Ijumaa watu walijaa kuliko siku ya gulio. Elick alikuja na daftari lake. Anneth alikuwa ameshasogeza cherehani na kufagia chini ya nguzo yake. Consolatha alichukua tindo na nyundo, akapita nguzo ya nane bila kusimama, akaenda kusimama kwenye ya saba.

"Mama, siyo hiyo!" Anneth aliita.

"Ndiyo hii." Aligeuka akawatazama. Alisema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara, ili asije akalazimika kurudia. "Saruji ya kwanza kuingia Kivulini niliileta mimi. Mwaka tisini na tano. Mzee Maduhu alinikataza kwa upole, nikamcheka. Nyinyi mliniiga mimi. Kama jengo hili limeumwa, limeumwa kuanzia hapa, na mhandisi aone hapa."

Wa kwanza kujibu ni Wiston.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Mtu wa kuja. Tumekupokea, tumekupa kivuli, ukatuharibia."

Lilikuwa limerudi. Machozi yalimjia Consolatha bila ruhusa. Zaidi ya miaka thelathini, na bado neno hilo lilikuwa linajua nyumba yake. Lakini mficha uchi hazai, na alikuwa ameshaufunua. "Ni mimi," alijibu. Akapiga nyundo.

Lipu ilitoka kwa mabamba. Chini, kuanzia sakafuni hadi magotini, matofali yalikuwa uji mwekundu. Elick alichomeka kalamu yake ikazama yote. Mtu mmoja nyuma alisema basi, tumekwisha. Anneth alikuwa analia waziwazi. Consolatha hakuacha. Aliendelea kubandua juu zaidi, kiunoni, kifuani, na kadiri alivyopanda sauti ya nyundo ilianza kubadilika, ikawa kavu, ikawa ya mlio. Matofali ya huko yalikuwa mazima, mekundu, yenye alama za vidole vya watu wa Nyamigogo waliokwishakufa.

Na juu ya matofali hayo, chini ya saruji, chokaa ilikuwa bado imeshika. Tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu: nyeupe, ya udongo, ya kijani iliyofifia, nyeupe tena. Ya juu kabisa ilikuwa yake ya usichana, ya udongo mwekundu, na palipomeguka ilichungulia bluu ya kufulia. Katika bluu hiyo palichorwa mkasi mdogo, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Ilikuwa alama ya Maduhu. Consolatha aliweka kiganja juu yake. Alikuwa amesahau kwamba mzee hakujua kuchora.

Elick alifunga daftari, halafu akalifungua tena. "Hii ni mbovu miguuni," alisema. "Nikiangalia hii peke yake, ninabomoa. Lakini nguzo aliyonifungulia mtu akijua ni mbovu naiamini kuliko ile iliyofagiliwa." Anneth aliinamisha kichwa. "Fungueni zote."

Walifungua zote, siku mbili. Wiston alibandua vigae vyake mwenyewe, kimoja kimoja, akivipanga pembeni kama mtu anayekusanya vyombo vya msibani. Nguzo tatu zilikuwa zimeoza chini: ya saba, ya nne, na ya kwanza, ile ya vigae. Tisa zilikuwa na unyevu tu, matofali mazima. Elick alifuta X tisa. Zile tatu zikaachiwa zake: zishushwe na kujengwa upya, kwa matofali na chokaa, paa likiwa limeshikiliwa na magogo ya mikaratusi. Na lipu ya chokaa isiguse nguzo mpya kabla hazijakauka vizuri, miezi sita.

Mzee Emilian aliletwa kutoka Nyamigogo kusimamia. Alichimba shimo nyuma ya maduka, akazima chokaa kwa maji, nayo ikachemka yenyewe bila moto huku yeye akimfokea kila aliyesogea. Consolatha alibeba matofali. Walimwambia aache, mgongo wake si wa kubeba. Aliwaambia mgongo wake ni wake.

Jambo moja ndilo waliloshindwa naye kabisa. Nguzo ilipokwisha kusimama, uchi, nyekundu, Anneth alimrudishia cherehani mahali pake. Akaitoa. Desturi inasema hukai chini ya nguzo usiyoivisha, basi hakai. Alijenga kibanda cha turubai nje, mbele ya tao la 1938, akashona hapo kiangazi chote, vumbi la barabara likimwingia hadi kwenye bobini. Wenye nguzo ya nne na ya kwanza walikuwa wameshajirudishia viti ndani. Wiston alipita mbele ya kibanda kila asubuhi. Wiki za mwanzo alitazama simu yake. Baadaye akaanza kusema shikamoo, naye akajibu marahaba, basi.

Miezi sita ilipotimia, Emilian aliigonga nguzo, akainusa, akasema ivishwe. Consolatha aliipaka lipu ya chokaa, na ilipokauka akaivisha kwa brashi ya katani, maji ya chokaa mepesi kama maziwa, yenye bluu ya kufulia. Alipaka kuanzia alfajiri hadi saa nne. Ilipoanza kukauka akachukua mkasi, akachora mkasi mdogo wenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Alama yake mwenyewe hakuichora.

Alipogeuka, Wiston alikuwa amesimama nyuma yake na birika. Hakuomba radhi kwa maneno; si mtu wa maneno hayo. Alimimina kikombe cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili, akampa.

"Karibu Kivulini, mama," alisema.

Maandazi yakaliwa. Siku tatu baadaye, bluu ilipokauka kabisa, Anneth alileta cherehani. Consolatha alikaa, akakanyaga mara mbili kusikia kama inaimba, kisha akaegemea nguzo. Aliegemea kwa muda mrefu, macho amefumba. Alipoinuka alimpa Anneth mgongo.

"Niangalie. Pamelowa?"

Anneth alipapasa gauni, juu hadi chini.

"Pakavu, mama. Ila umekuwa bluu mgongo mzima."

"Hiyo acha," alisema Consolatha, akakaa kutunga uzi. "Hiyo inapanguswa."